Wazee na Vijana katika Jamaa ya Mungu

Wakatekumeni wapenzi, mmekwisha kufundishwa ya kuwa Ubatizo hutufanya watoto wa Mungu. Leo tutazame neno linalofuata, ambalo wengi hulisahau upesi: mwenye kupata Baba, apata na ndugu. Tena hawachagui. Katika nyumba ya baba yako hukuchagua nani awe nyanya yako, wala nani awe mdogo wako. Ndivyo ilivyo katika Eklezya.

Mtazameni Mtakatifu Timoteo. Mtakatifu Paulo amkumbusha ya kuwa imani yake ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi, kisha ndani ya mama yake Eunike. Huyo Timoteo, alipowaongoza Wakristu wa Efeso angali kijana, aliagizwa asimkaripie mzee, bali amwonye kama baba yake. Na wanawake wazee wawe kwake kama mama. Katika barua kwa Waroma, Paulo amsalimu mama wa Rufo, akisema ni mama yake yeye pia. Mama huyo alimtendea nini? Hatukuambiwa. Pengine alimpikia tu.

Lakini msidhani mambo yalikuwa rahisi. Kule Yerusalemu wajane wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakusema kwamba ni shauri la wanawake. Waliita mkutano, wakawekwa watu saba kwa kazi hiyo. Na majina ya wote saba ni ya Kigiriki.

Je, wajane wetu? Hapa yafaa kusema wazi. Mtoto akifa kijijini, watu hunong'ona. Kisha kidole huelekezwa kwa mama mzee asiye na mwana wa kumtetea, au kwa yatima anayelala jikoni kwa watu. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 yakataza kumshitaki mtoto uchawi. Ni sheria njema, lakini usiku haiketi mlangoni pa mtu. Wakristu waweza kuketi. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo za Wakristu, ambazo wengi wetu huku mashariki twaziita shirika. Shirika ni dogo, watu hujuana nyumba kwa nyumba. Basi manung'uniko yakianza, wanashirika waende kwa mama yule mchana, watu wote wakiona, waketi uani pake, wale chakula chake. Anayeogopa kula chakula chake, amekwisha kumhukumu.

Mkatekumeni asiseme: «Mimi bado, hayo ni ya waliobatizwa.» Eklezya yamhesabu tangu sasa kuwa mtu wa nyumbani. Hata akifa kabla ya Ubatizo, huweza kuzikwa kwa maziko ya Kikristu.

Neno moja juu ya msimamizi wa Ubatizo. Kwa desturi awe ametimiza miaka kumi na sita, awe amepata Kipaimara na Komunyo, tena asiwe baba wala mama wa anayebatizwa. Wengine hushangaa: nani anipendaye kuliko mama yangu? Kweli, lakini mama unaye tayari. Eklezya yakupa mwingine juu yake. Kwa hiyo usimtafute mtu kwa sababu ya duka lake au kiti chake serikalini. Mtafute mzee asaliye, hata wa ukoo mwingine, hata kama koo zenu zina ugomvi wa shamba. Mchotee maji, mpasulie kuni, umwulize nani alimfundisha sala. Naye asikutume tu kama mtumishi: akuonye, akuombee, na siku ya shauri lako aje asimame kando yako.

Maulizo ya kujibu mbele ya mkatekista: Loisi alikuwa nani? Kwa nini waliwekwa watu saba kule Yerusalemu? Katika shirika lako, ni mzee gani ambaye hakuna mtu aliyempelekea kuni juma hili?