Andiko la kipindi: mwenye fedha anataka kusoma nini

Katika mitaa ya Dar es Salaam kama Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Manzese kuna mawazo ya filamu na vipindi yanayoishia kijiweni. Siku hizi kamera si kikwazo kikubwa, kwa kuwa hata simu inapiga picha ya kurushwa hewani. Kinachokwamisha wengi ni zile kurasa chache ambazo kituo cha televisheni, shirika au mfanyabiashara huziomba kabla ya kutoa shilingi: andiko la mradi. Vijana wengi hulichukulia kama barua ya kuombea hela, wakalijaza maneno mazito ya semina. Anayelisoma ana maswali yake, na ana maandiko mengine mezani. Asipopata majibu haraka, anageukia la mwenzako.

Anza na sentensi moja inayobeba wazo zima. "Filamu yetu inahusu changamoto za vijana wa uswahilini" inaweza kubandikwa kwenye filamu mia. Linganisha na hii: "Fundi viatu wa Tandika anayepiga singeli kwenye vigodoro ana wiki 3 za kurekodi wimbo utakaomtoa, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi 6 wiki hizohizo." Hapo yupo mtu, pana mahali, kuna anachokitaka na kinachombana. Msomaji ameshaanza kuwaza nani ataigiza. Msomee sentensi yako mtu asiye wa kundi lenu, akiuliza "halafu ikawaje?", endeleeni.

Kisha andika muhtasari wa ukurasa mmoja, na mwisho wa hadithi uwemo. Kuna waandishi wanaofunga muhtasari kwa "fuatilia ujue kilichotokea", kana kwamba wanatengeneza kionjo. Mwenye fedha hanunui tiketi. Anataka kuhakikisha hadithi inafika salama, hasa tamthilia ya sehemu nyingi, ambayo huanza kwa kishindo na kuishiwa pumzi katikati.

Wazo moja haliendi kwa kila mtu na karatasi ileile. Kituo cha televisheni kitauliza mtazamaji ni nani, kila sehemu ina dakika ngapi, na kama mtaweza kuleta sehemu kila wiki bila kukatika. Mdhamini wa biashara anataka kujua bidhaa yake itaonekana wapi bila kuharibu hadithi. Halmashauri, zikiwemo za Kinondoni na Temeke, hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo, hivyo andiko lionyeshe fedha ya kurudisha itatoka wapi. Kusema "filamu itauzwa" hakutoshi. Taja ataikodi au kuinunua nani.

Mashirika ya maendeleo yana swali gumu zaidi: mtajuaje kama kipindi kimebadilisha kitu? Tanzania tuna mfano unaosomwa hadi vyuo vya nje. Mchezo wa redio "Twende na Wakati" ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, ukizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, eneo la Dodoma halikurushiwa hadi 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Kundi la vijana wa Temeke halina ubavu wa utafiti wa namna hiyo, wala haliombwi. Lakini linaweza kuahidi kuwahoji wanafunzi wa shule moja kabla na baada ya kuangalia, au kuhesabu simu zinazopigwa kituo cha afya kilichotajwa kwenye kipindi. Ahadi ndogo inayotekelezeka inaaminika kuliko "kuelimisha jamii nzima".

Kwenye bajeti ndipo maandiko mengi hufia, na mara nyingi kosa ni uvivu wa kuhesabu. "Usafiri, jumla" haimwambii mtu chochote. Andika bajaji ngapi, kutoka Tandika hadi Mburahati, kwa siku ngapi, kwa bei gani kwa siku. Chakula cha watu wangapi. Mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Weka fungu la dharura na ulitaje hivyo. Mimi ningeangalia kwanza mstari wa sauti: uswahilini picha hupatikana kirahisi, ila spika za jirani, honi za bodaboda na muuza kahawa anayegonganisha vikombe huingia katika kila mazungumzo. Bajeti yenye kamera ya bei mbaya na maikrofoni ya kuazima inaonyesha kwamba mwandishi hajawahi kurekodi mtaani. Ratiba nayo itazame kalenda: mandhari za nje zikipangwa Aprili, masika itawarudisha nyumbani.

Gharama za vibali ziwemo humohumo. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, filamu hutengenezwa kwa kibali kinachopitia Bodi ya Filamu Tanzania, na ikikamilika hukaguliwa na kupangiwa daraja. Barua ya serikali ya mtaa mnaporekodia nayo huokoa siku nzima ya mabishano.

Wengi huogopa kuandika kwa hofu ya kuibiwa wazo. Hofu ina msingi, ila dawa yake ni kuandika zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyoundwa. Wazo tupu hailigusi. Ukimsimulia mtu hadithi ya fundi viatu kwenye baa, huna cha kushika. Ukiwa na muhtasari, skripti ya sehemu ya kwanza, tarehe, na usajili wa ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kama ushahidi, una kazi. Hadithi ikitokana na kitabu, ambatisha ruhusa ya maandishi ya mwenye haki. "Vuta N'Kuvute" ya mwongozaji Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, ilitokana na riwaya ya Adam Shafi. Anayeota njia hiyo aanze na ruhusa, si na kamera.

Ukiitwa kujieleza, utapewa dakika chache. Anza na ile sentensi, onyesha kionjo cha dakika 1 hata kama kimerekodiwa kwa simu, kisha wape nafasi ya kuuliza. Wakikubali, usisaini palepale. Tafuta kipengele cha haki: wanachukua kipindi kwa miaka mingapi, kwa nchi zipi, YouTube ni ya nani, na msimu wa pili wanaweza kuutengeneza bila ninyi? Pakiandikwa "haki zote, daima", omba siku chache, mpelekee mwanasheria, na urudi na bei nyingine.