Simu Sikioni: Maelezo kwa Wenye Nyumba wa Shinyanga na Geita

Aghalabu mtu akiumwa kichwa katika vijiji vyetu vilivyo baina ya Kahama na Geita, mnara wa simu haukosi kulaumiwa, ilhali kifaa kinachompelekea nguvu nyingi zaidi kichwani ni kile alichokibana baina ya bega na sikio.

Simu husemezana na mnara kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yakiuingia mwili, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, huzitikisa chembe za maji hayo, na mtikisiko ule hugeuka joto. Ngozi, fuvu na tabaka ya juu ya ubongo upande wa sikio ndizo zinywazo sehemu kubwa ya nguvu hiyo, wala haifiki mbali, maana kila sentimita inayopita hupungua. Na damu ipitayo hulichukua joto na kulitawanya, hata likabaki sehemu ndogo tu ya digrii moja. Ule uvuguvugu auhisio mtu baada ya maongezi marefu watokana hasa na betri, na sikio kuzibwa lisipate hewa. Si ubongo kuchemka, kama isemwavyo vijiweni. Nchi nyingi zimeweka mpaka, kwamba kichwa kisinywe zaidi ya wati 2 kwa kilo, zikikadiriwa katika kipande cha gramu 10.

Mtazame mama lishe pale kwenye maduara, mashimo ya wachimba dhahabu: maharage yako jikoni, mtandao unakatikakatika, naye amepanda juu ya kifusi, simu ameigandamiza sikioni kana kwamba mtandao hukamatwa kwa mkono. Hapo ndipo simu itumiapo nguvu zake zote, kwa sababu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza sauti, na iliyo karibu hunong'ona tu. Basi mnara ule ule unaolaumiwa, ukiwa jirani, humpunguzia mtu mawimbi ya simu yake mwenyewe.

Amma kuhusu saratani, mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliyatia mawimbi haya katika fungu la vitu ambavyo huenda vikaleta maradhi hayo, fungu ambamo baadaye liliingizwa pia dondoo la jani zima la mshubiri. Na mwaka 2024 uchunguzi mpana ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani haukuona uhusiano baina ya simu na saratani ya ubongo. Hata hivyo hadhari haina gharama: weka simu kwenye spika au tumia waya za masikioni, andika ujumbe pale mtandao ulipo hafifu, na watoto, ambao mafuvu yao ni membamba, wasiongee kwa muda mrefu.

Lakini nitakuwa nimewadanganya nikiishia hapo. Katika nyumba hizi hizi mna watu wachomao dhahabu kwa zebaki juu ya jiko la mkaa, watoto wakiwa wamelizunguka, na mvuke ule usioonekana wala kunuka huingia mapafuni, takribani asilimia 80 yake ikabaki mwilini, kisha ukapanda ubongoni na kuleta mtetemeko wa mikono na usahaulifu. Mwenye chupa ya zebaki ndani ya nyumba na aitoe leo, kabla hajahangaikia simu.