Konde Lililomwangusha Bondia Halikutoka kwa Ami Yake

Barua kwa ufupi: Msomaji mmoja wa pande za Malindi, bondia wa ridhaa katika uzani wa juu, yaani daraja la wanamasumbwi wazito, alipigwa nokauti katika raundi ya tatu mjini Mombasa wiki tatu zilizopita. Anaeleza kwamba pumzi zilikuwa zimemwishia, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshuka, na konde la kushoto la mpinzani aliliona likija asiweze kulikinga. Safari ya kurudi nyumbani haikumbuki hata kidogo. Ameshavaa glavu tena mazoezini, ingawa kichwa humuuma akisimama juani. Anauliza kama abadili kocha, apunguze uzani au adai marudiano. Mwisho kabisa, baada ya salamu, ameongeza kwamba asubuhi ya safari ami yake alimwangulia dafu akanywa, kwamba jamaa zake wamekwenda kwa mganga wa mburuga, yaani mpiga ramli, na kwamba "vijana washajua la kufanya".

Jibu: Maswali matatu aliyouliza bondia huyu yana majibu mafupi. Kocha habadilishwi kabla ya wawili hao kuketi pamoja wakaitazama video ya pambano. Uzani haupunguzwi kwa sababu ya kushindwa mara moja. Na marudiano ni jambo la daktari kabla hayajawa jambo la mtu mwingine yeyote. Swali zito ni lile ambalo hakuliuliza, akaliacha chini ya salamu kama jambo dogo.

Barua yake ina maelezo mawili ya anguko moja. Katika maelezo ya kwanza pumzi zilikwisha na mkono ukashuka. Katika ya pili mzee alitia kitu katika dafu. Yale ya kwanza yanauma, lakini yana dawa, kwa kuwa pumzi hujengwa kwa mbio za alfajiri na mkono hufundishwa kukaa kidevuni hata mwili ukichoka. Yale ya pili yanaliwaza, ila hayampi bondia kazi yoyote ya kufanya mazoezini, na badala yake yanamtafutia mtu wa kulipa.

Njia hiyo wameipitia hata mabingwa wa dunia. George Foreman wa Marekani alipanda ulingoni mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 akiwa ameshinda mapambano yake yote 40, na Muhammad Ali akamwangusha katika raundi ya 8. Baadaye Foreman alilaumu kamba za ulingo kuwa zilikuwa zimelegea, akamlaumu refa kuwa alihesabu haraka, na hata maji aliyopewa kabla ya pambano akadai yalitiwa dawa. Miaka ilipita ndipo akakiri kwamba Ali alimshinda kwa haki, wakawa marafiki, na mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 45, alimwangusha Michael Moorer na kuutwaa tena ubingwa wa dunia. Lakini Foreman alipokuwa akilaumu maji, hakukuwa na mzee aliyelala macho usiku kucha akisikiliza nyayo nje ya nyumba yake.

Katika Kaunti ya Kilifi, iliko Malindi, shutuma kama ile ya dafu ni suala la kufa na kupona. Wazee wengi wa kaunti hii wameuawa au kufukuzwa kwao kwa kuitwa wachawi, mara nyingi ugomvi wa shamba ukiwa nyuma ya shutuma na mvi zikifanywa ushahidi. Ndiyo maana huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliowakimbia watoto na wajukuu wao wenyewe. Kumshutumu mtu namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, na asiyeijua sheria hiyo walau anajua damu ni nini. Bondia aliyeandika kwamba "vijana washajua la kufanya", kisha akaifunga barua, hastahili kubembelezwa hapo. Anajua hatari iliyopo, anajua imeandaliwa kwa jina lake, naye amenyamaza kwa sababu ukimya huo unamwondolea fedheha ya kupigwa mbele za watu. Kwa desturi za pwani, ami ni baba. Mtu aliyeamka mapema kumwangulia mwana wa nduguye dafu kabla ya safari alikuwa akimuaga kama mzazi amwagavyo mwanawe, na malipo yake hayawezi kuwa panga.

Yapo pia maelezo ya kitabibu ambayo jamaa hawa hawakupewa. Kupoteza kumbukumbu baada ya konde la kichwa ni dalili ya mtikisiko wa ubongo, hali ambayo ubongo husukwasukwa ndani ya fuvu pasipo mfupa wowote kuvunjika, na maumivu yanayozidi kwenye mwanga mkali huambatana na hali hiyohiyo. Kwa hiyo lile pengo la safari, linaloweza kudhaniwa nyumbani kuwa alama ya kurogwa, daktari wa Hospitali ya Kaunti ya Kilifi angelieleza kwa dakika chache. Kanuni za ndondi za ridhaa humzuia aliyepigwa nokauti asipigane, hata mazoezini, kwa siku zisizopungua 30, naye amevaa glavu siku hizo hazijatimia na kichwa bado kinauma. Robert Wangila, Mkenya aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea pale refa alipomsimamisha katika raundi ya 9 huko Las Vegas, Julai 1994. Baada ya siku mbili hivi alifariki kwa jeraha la ubongo, akiwa na miaka 26.

Kushindwa kwenyewe hakummalizi bondia. Elly Ajowi, Mkenya wa uzani wa juu, alitolewa mapema katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na Julio César La Cruz wa Cuba, aliyeendelea hadi kutwaa dhahabu, na mwaka uliofuata Ajowi akawa bingwa wa Afrika mjini Maputo. Bondia wa Malindi naye anaweza kuinuka, kwani aliyeweza kuandika waziwazi kwamba mkono wake ulikuwa chini ameshaiona nusu ya kazi iliyo mbele yake, na ujasiri huo ni wa kupongezwa.

Ila aanze kwa ami, tena leo. Awakusanye vijana haohao uani kwa mzee, awaambie kama alivyoandika kwamba pumzi zilikwisha na mkono ukashuka, amwombe ami radhi mbele yao, na akipewa dafu jingine alinywe hapohapo wakiona. Akihisi kwamba maneno yake hayajawaingia, amtoe mzee hapo kabla ya usiku kuingia na kumwarifu chifu pamoja na polisi. Kesho yake aende hospitali na mtu wa kumweleza daktari yale ambayo yeye mwenyewe hayakumbuki, na glavu azitundike mpaka daktari huyo atoe ruhusa kwa maandishi.