Kitanda cha mgonjwa nyumbani: vipimo vitangulie bei

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini kabla hajaweza kujigeuza kitandani, familia hubaki na siku mbili tatu tu za kuandaa nyumba. Simu hupigwa, mchango huitishwa, na mara nyingi kitu cha kwanza kununuliwa ni kitanda cha hospitali. Kikifika ndipo huonekana kwamba hakipiti mlangoni, au kwamba kinaendeshwa kwa stima katika mtaa ambao stima hupotea kila wiki. Wakati mwingine pesa zote huwa zimeishia kwenye fremu ya chuma, na godoro linalowekwa juu yake ni lile la zamani lililobonyea katikati.

Somo hili linaeleza namna ya kuchagua kitanda, godoro, kiti cha magurudumu na vifaa vya kutembelea kwa mgonjwa anayetunzwa nyumbani. Linawahusu hasa jamaa za watu waliopata kiharusi, waliovunjika nyonga au paja, walioumia uti wa mgongo katika ajali, wagonjwa wa saratani, na wazee walioishiwa na nguvu. Kabla ya kuuliza bei, familia ipime mambo matatu: mgonjwa mwenyewe, nyumba atakayokaa, na mtu atakayemhudumia.

Kabla ya kutoka wodini

Mgonjwa akiwa bado wodini, familia imwombe mtaalamu wa fiziotherapia na muuguzi wajibu maswali haya. Je, anaweza kujigeuza bila kusaidiwa? Anaweza kuketi bila kushikiliwa? Anaweza kusimama hata kwa dakika moja? Anahisi maumivu kwenye makalio na visigino? Anameza chakula bila kupaliwa? Je, hali hii inatarajiwa kudumu wiki chache, miezi, au maisha?

Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha kifaa kinachohitajika. Aliyevunjika mguu na anayetarajiwa kutembea baada ya wiki kadhaa anaweza kutumia vifaa vya kuazima au kukodi. Aliyepooza kuanzia kiunoni na kupoteza hisia anahitaji godoro na mto wa kukalia unaomlinda ngozi, hata kama kitanda chake ni cha kawaida. Mwenye nguvu za mikono anaweza kujiendesha kwenye kiti cha magurudumu, lakini asiye nazo anahitaji kiti cha kusukumwa chenye egemeo refu la mgongo.

Kupima nyumba

Kwa futikamba na karatasi, mtu mmoja anaweza kumaliza kazi hii kwa nusu saa. Kitanda cha hospitali kwa kawaida kina upana wa sentimita 90 hadi 100 na urefu unaozidi mita 2. Muuzaji aulizwe kama kinafunguka vipande vipande, kisha mlango, kona za ukumbi na chumba chenyewe vipimwe. Kitanda kikishaingia, upande mmoja ubaki na nafasi ya angalau sentimita 90 ili mhudumu asimame na kiti cha magurudumu kisogezwe karibu. Kiti hicho kinahitaji takriban sentimita 150 kila upande ili kigeuke mzunguko mzima.

Chumba kikiwa kidogo, kitanda chenye magurudumu na breki kinaweza kukaa ukutani na kuvutwa wakati wa kumwosha mgonjwa. Kwenye sakafu ya udongo, magurudumu hudidimia na kitanda huinama upande mmoja, kwa hivyo mbao ngumu na pana ziwekwe chini yake.

Kizingiti nacho kipimwe. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko wa kupitishia kiti unahitaji urefu wa sentimita 12. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Mteremko mfupi kuliko huo ni mkali: anayesukuma huchoka, na wakati wa kushuka kiti kinaweza kumponyoka.

Kitanda: miendo mitatu

Vitanda vinavyoinuka vina miendo mitatu: kuinua mgongo, kuinua magoti, na kupandisha au kushusha kitanda kizima. Kuna vya kuzungusha kwa mpini na vya stima. Chenye mpini mmoja huinua mgongo tu, na chenye miwili huinua mgongo na magoti. Kupandisha kitanda kizima hupatikana kwa vyenye mipini mitatu na kwa vingi vya stima.

Kuinua mgongo humsaidia mgonjwa kula, kunywa na kupumua vizuri. Wakati wa kula aketi wima kadiri awezavyo, na abaki hivyo kwa takriban nusu saa baada ya kumeza, hasa akiwa amepata kiharusi, ili chakula kisiingie kwenye mapafu. Kitanda kinapoinuliwa, magoti yatangulie, kisha mgongo. Mgongo ukiinuliwa peke yake, mwili huteleza kuelekea miguuni, na ngozi ya kiunoni na makalioni husuguliwa na kuvutwa hadi ikachanika. Wakati wa kupumzika, mgongo usiinuliwe zaidi ya nyuzi 30, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo.

Kimo cha kitanda ni muhimu kwa watu wawili. Anayemwosha na kumgeuza mgonjwa huhitaji kitanda kilichofika usawa wa kiuno, la sivyo mgongo wake utaumia na nyumba itakuwa na wagonjwa wawili. Mgonjwa anayejaribu kusimama huhitaji kitanda cha chini: akiketi ukingoni, nyayo zake zikanyage sakafu na magoti yake yakunjike sawasawa. Kitanda kinachopanda na kushuka hutimiza yote mawili. Kisipopatikana, familia iamue kazi ipi hufanywa zaidi.

Reli za pembeni zinahitaji uangalifu. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huweza kupanda juu ya reli na kuanguka kutoka mahali pa juu zaidi. Kichwa au shingo pia vinaweza kunasa katikati ya vyuma, au kati ya reli na godoro jembamba. Nafasi yoyote ya sentimita 12 au zaidi ni ya hatari. Kwa mgonjwa wa aina hii, kitanda cha chini chenye godoro lingine sakafuni kando yake ni salama zaidi.

Anayechagua cha stima aulize kama kina betri au mpini wa dharura. Kitanda kikizimika mgongo ukiwa juu, lazima kuwe na njia ya kukilaza.

Familia isiyo na uwezo wa kununua bado ina la kufanya. Fundi wa jua kali anaweza kuinua miguu ya kitanda cha kawaida kwa vikombe vya mbao au chuma vyenye shimo, ili miguu isiteleze, na kutengeneza egemeo la mgongo lenye bawaba. Matofali yaliyopangwa tu hayafai, kwani kitanda kikisukumwa huanguka.

Godoro ndilo linalogusa ngozi

Vidonda vya kulala huanza pale ambapo mfupa hukandamiza ngozi dhidi ya godoro hadi damu ikashindwa kupita. Kwa mtu asiyejigeuza, madhara yanaweza kuanza baada ya saa chache. Sehemu zinazoumia zaidi ni chini ya kiuno, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko na kisogo. Kidonda kikishafika ndani huchukua miezi kupona na huweza kuingiza maambukizi kwenye damu. Kwa sababu hiyo, pesa zikiwa chache godoro jema litangulie, na kitanda cha gharama kisubiri.

Sponji nzito ya haidensiti inawafaa wengi. Ili kuijaribu, mgonjwa alale, kisha mhudumu apitishe kiganja chini ya godoro, mahali palipo na makalio. Ikiwa sponji iliyobaki kati ya kiganja na mwili haifiki sentimita 2.5, godoro limekwisha au ni laini mno kwa uzito wake.

Godoro la hewa lenye pampu hubadilisha sehemu zinazojaa hewa kila baada ya dakika kadhaa, na huwasaidia walio katika hatari kubwa. Hata hivyo linategemea stima. Stima ikipotea hewa huweza kutoka, na mgonjwa akajikuta amelala juu ya chuma. Muuzaji aonyeshe namna ya kuziba hewa isitoke, na sponji nyembamba iwekwe chini yake.

Hakuna godoro linalochukua nafasi ya kumgeuza mgonjwa. Kwa kawaida hugeuzwa kila saa mbili: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Zamu ziandikwe kwenye daftari, pamoja na jina la aliyemgeuza. Visigino vining'inie hewani kwa kuweka mto chini ya muundi. Mto wenye umbo la pete usitumike, maana hukaba damu kuzunguka mahali panapolindwa. Karatasi ya nailoni nayo isigusane na ngozi. Iwekwe chini ya shuka ya pamba.

Ngozi ikaguliwe asubuhi na jioni. Kwa ngozi nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi. Kitafutwe kipande kilicho cheusi au cha zambarau kuliko ngozi inayokizunguka, au kilicho na joto, kigumu au chenye maumivu. Kipande hicho kisisuguliwe wala kukandwa.

Kiti cha magurudumu

Kiti hununuliwa kwa vipimo, kama kiatu. Mgonjwa akiwa ameketi, upana wa nyonga ndio upana wa kiti. Kina cha kiti ni urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukipunguzwa sentimita 3 hadi 6. Urefu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino huonyesha mahali pa kuweka vikanyagio. Kiti kipana mno humfanya aegemee upande mmoja, na kirefu mno humfanya ateleze mbele.

Kiti chenye sentimita 45 mahali pa kukalia huwa na upana wa takriban sentimita 65 kikipimwa kutoka nje ya magurudumu. Mlango wa sentimita 75 utakipitisha mikono ikiwa salama. Kwenye barabara za mchanga, mawe au matope, magurudumu madogo ya mbele hukwama. Kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililo mbali hupita vizuri zaidi, na tairi za hewa zinazotengenezwa na fundi wa baiskeli ni rahisi kutunza. Anayeketi kutwa nzima ahitajiwe mto wa sponji nene, kwani kitambaa cha kiti pekee hakitoshi. Kabla ya kuhama kutoka kitandani, breki zifungwe na vikanyagio viinuliwe.

Fimbo, magongo na choo

Fimbo ya kutembelea iwe na urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono mgonjwa akisimama akiwa amevaa viatu na mkono ukining'inia. Ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Uzito ubebwe na viganja, kwa maana kuegemea kwa kwapa huumiza mishipa ya fahamu ya mkono. Fremu ya kutembelea humfaa anayeyumba, lakini anayeshindwa kuinyanyua apewe yenye magurudumu mawili mbele. Kila mguu wa fimbo, gongo au fremu uwe na mpira, na mpira ulioisha ubadilishwe.

Choo husahaulika, ilhali wengi huanguka wakienda huko usiku. Kiti chenye tundu na ndoo kinaweza kukaa kando ya kitanda, na kisicho na ndoo huwekwa juu ya tundu la choo cha shimo. Kiwe kizito na chenye mahali pa kushika pande zote mbili.

Mahali pa kupata msaada

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Mgonjwa ambaye hali yake inatarajiwa kudumu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, baada ya kukaguliwa katika hospitali ya serikali. Hazina ya Baraza hilo hutoa vifaa kama viti vya magurudumu kwa waliosajiliwa, na maombi yaanze mapema. Shirika la APDK, linalowahudumia wenye ulemavu wa viungo tangu 1958, hutengeneza viti vya magurudumu humu nchini. Kuhusu malipo ya matibabu, familia iulize dawati la SHA hospitalini kabla ya kutoka.

Kitanda kilichotumika si kibaya kikijaribiwa. Mtu mzima mwenye afya alale juu yake, kiinuliwe na kushushwa mara kumi, breki zote zikaguliwe, na sehemu zilizochomelewa zitazamwe kama zina kutu au nyufa.

Maswali saba kabla ya kulipa

1. Je, mtaalamu amemwona mgonjwa na kusema anahitaji nini?
2. Kifaa kitapita mlangoni na kugeuka ndani?
3. Kinabeba uzito wa mgonjwa?
4. Stima ikipotea, kitafanya kazi?
5. Godoro au mto umejaribiwa naye akiwa juu yake?
6. Anayemhudumia anaweza kukiendesha peke yake?
7. Kikiharibika, nani karibu anaweza kukitengeneza?

Karatasi ya vipimo ihifadhiwe nyumbani, na mhamasishaji wa afya ya jamii aonyeshwe anapotembelea boma. Doa la ngozi lisilopotea baada ya mgonjwa kugeuzwa, malengelenge, kidonda chenye harufu, au homa ni sababu ya kumpigia simu mhamasishaji huyo au kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.