Dhahabu ya Mama na Kidani cha Arusi

Amma baad. Tumeletewa suala na bibi mmoja wa mji huu, naye ameomba lijibiwe katika karatasi hii ili wanufaike na wengine. Asema kuwa marehemu mama yake ameacha vikuku sita vya dhahabu, na binti yake yeye muulizaji yuko karibu kuolewa. Ataka kumpa sonara vikuku vile, naye sonara ampe badali yake kidani na vipuli vya mtindo aliouchora mwenyewe bibi, vyenye mawe ya kijani ya Taita na yakuti nyekundu katikati, kisha aongeze fedha ya ufundi, nusu sasa na nusu siku ya kupokea. Ana ndugu wawili, dada mmoja na kaka mmoja aliyeko ng'ambo. Auliza: je, yafaa?

Twajibu, na kwa Mwenyezi Mungu twataka msaada. Bibi ameuliza habari ya sonara, nasi hatuna budi kuanza na habari ambayo hakuiuliza. Vikuku vile si vyake. Imekuwa desturi katika miji yetu ya pwani kuwa dhahabu ya mama ni ya mabinti, na mashamba na nyumba ni za wanaume, kana kwamba aya za mirathi zimeshuka kwa ajili ya mashamba tu. Ikiwa mama aliwapa mabinti zake vikuku hivyo naye yu hai na mzima, nao wakavipokea mikononi, hiyo ni hiba na imekwisha. Ama ikiwa alivivaa mpaka kufa, basi ni mali ya warithi. Baada ya kutoa gharama za mazishi, madeni na wasia, kama hana mrithi mwingine ila hawa watatu, basi katika vikuku sita vitatu ni vya kaka, na kila dada ana kimoja na nusu. Kunyamaza kwake huko aliko si ridhaa. Na aandikiwe. Akisamehe kwa hiari yake, ni vyema. Akitaka kumuuzia dada yake fungu lake, na auze, lakini thamani ilipwe papo hapo, kwa sababu tutakayoieleza.

Tukija kwenye habari ya sonara, twaona watu wengi wamelifanya jambo hili kuwa jepesi. Mtu huja na dhahabu yake kuukuu, yapimwa, kisha hupewa dhahabu mpya iliyo nyepesi kuliko ile, au yenye uzito sawa na fedha juu yake, na tofauti huitwa ufundi. Hii ndiyo riba ya ziada. Mtume (S.A.W.) ameamrisha katika hadithi ya Ubada bin Samit iliyo katika Sahihi Muslim kwamba dhahabu kwa dhahabu iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Wala ufundi hauhalalishi ziada hiyo. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba sonara mmoja alimwendea Ibn Umar akamwambia kuwa yeye huifua dhahabu kisha huiuza kwa dhahabu iliyozidi uzito wake, na ile ziada huihesabu kuwa ni kazi ya mkono wake. Ibn Umar akamkataza, na yule sonara akawa anarudia suala lake na Ibn Umar anamkataza.

Yakitiwa mawe ndani yake, mambo huzidi kuwa mazito. Fadhala bin Ubayd, Sahaba mtukufu, alinunua siku ya Khaybar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akaona kuwa dhahabu yake peke yake yazidi dinari 12. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) akakataza kidani kama kile kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Kwa hadithi hii Imam Shafi na wafuasi wake wamezuia kubadilisha dhahabu tupu kwa dhahabu iliyochanganyika na kitu kingine, kwa kuwa usawa haujulikani. Basi kuvitoa vikuku na kupokea kidani chenye mawe ni mlango uliofungwa.

Njia ya halali Mtume (S.A.W.) mwenyewe ameionyesha katika khabari ya Bilali, aliyetoa pishi mbili za tende duni akachukua pishi moja ya tende nzuri. Alielezwa kuwa hiyo ndiyo riba hasa, na kwamba angeuza tende zake kwanza, kisha kwa thamani yake akanunua anazozitaka. Vivyo hivyo, bibi na auze vikuku vyake kwa shilingi, azishike shilingi mkononi mwake, kisha awe huru kununua kwa sonara yule yule au mwingine.

Au, na hili ndilo tulipendalo zaidi kwa mwenye kutaka kuhifadhi kumbukumbu ya mama yake, asiuze wala asibadilishe. Ampe sonara dhahabu ile ile aiyeyushe na kuifua, na amlipe ujira wa kazi yake. Hapo hapana biashara ya dhahabu. Pana ajira tu, na ujira waweza kutangulizwa au kucheleweshwa. Lakini masharti na yawe wazi: dhahabu yake isichanganywe na ya mtu mwingine, upungufu wa kuyeyusha na kusugua utajwe kabla ya kazi, na chenga zibakiazo kwenye meza ni mali ya mwenye dhahabu ila akisamehe.

Mwenye kutaka dhahabu ya dukani asilipe nusu sasa na nusu baadaye. Baraza la Fiq-hi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikata kuwa noti zina hukumu ya dhahabu na fedha, kwa hiyo dhahabu haiuzwi kwa noti kwa mkopo. Akiagiza, na iwe ni ahadi tu, na siku pambo likiwa tayari alipe yote na apokee. Mawe ni kitu kingine. Yakiuzwa peke yake kwa bei yake yafaa kukopwa, wala hapana riba ndani yake.

Hapa panahitaji macho. Neno karati lina maana mbili, na wengi huliwa hapo. Karati ya dhahabu ni usafi wake: 24 ni safi, 22 ni sehemu 916 katika 1,000, na 18 ni sehemu 750. Basi gramu 40 za karati 18 zina dhahabu safi gramu 30 tu. Karati ya jiwe ni uzito, na karati tano ni gramu moja. Baadhi ya maduka hulipima pambo pamoja na mawe yake na kutoza yote kwa bei ya dhahabu. Anunuaye kwa shilingi hakuingia katika riba kwa hilo, lakini ameghushiwa, na siku ya kuuza ndipo huambiwa mawe hayahesabiwi. Mawe na yapimwe kabla ya kupachikwa, na yaandikwe.

Jiwe la kijani la Taita ndilo tsavoraiti. Liligunduliwa Tanzania mwaka 1967, kisha likaonekana upande wetu, na mwaka 1974 likapewa jina la Tsavo. Aghlabu halitiwi mafuta kama zumaridi wala halipikwi moto, na hiyo ni sifa njema yake. Yakuti ni gumu kuliko mawe yote baada ya almasi, lakini siku hizi ziko yakuti zilizojazwa vioo katika nyufa zake. Muuzaji akijua na asiseme, amekula haramu. Tanzaniti ni laini, yafaa vipuli kuliko pete ya mwanamke apikaye na kufua. Na mkono ufanyao kazi, jiwe lake lizungushwe ukingo wa dhahabu pande zote, lisishikwe kwa vimeno vinavyonasa nguo.

Twamsihi bibi asidanganywe na waaguzi wasemao kuwa jiwe fulani huleta riziki na fulani huondoa husuda. Hata katika akiki hakuna hadithi ya fadhila iliyothubutu. Mtume (S.A.W.) alivaa pete ya fedha yenye jiwe la Kihabeshi, nayo ilikuwa pete.

Imebaki pete ya bwana arusi, ambayo bibi ameitaja mwisho wa barua yake kuwa itakuwa ya dhahabu nyeupe "kwa kuwa haionekani kama dhahabu". Dhahabu nyeupe ni dhahabu ile ile iliyochanganywa na madini meupe na kupakwa juu. Ni haramu kwa mwanamume kama ile ya manjano. Afuliwe ya fedha. Nayo barua ya kaka itangulie yote haya, hata ikibidi arusi kungoja.

Wallahu aalam.