Neno Lililozidi katika Kiingereza

Katekista mmoja alinijia na Biblia ya Kiingereza, ile ya 1611, na kalamu mkononi. Alikuwa amesoma Zaburi ya 121 mbele ya vijana wenye elimu, nao wakamcheka alipotamka "from whence". Walimwambia ya kwamba "whence" peke yake maana yake ni "kutoka wapi", na "from" nalo ni "kutoka"; basi amesema "kutoka kutoka wapi". Sasa alitaka kuifuta "from".

Nilimwomba aiweke kalamu chini. Ni kweli, maana imerudiwa. Samuel Johnson naye, katika kamusi yake ya 1755, aliuhukumu msemo huo kuwa mbaya. Lakini Shakespeare aliutumia, na waliotafsiri Biblia ile hawakuwa wajinga wa lugha yao. Ilikuwaje basi? Katika "whence" ile "kutoka" imefichwa ndani, kama kokwa ndani ya embe. Masikio ya watu yalipozoea, hayakuisikia tena. Wakaitia "from" nje, ili maana ionekane. Hali kadhalika husema "the reason why", ingawa sababu imekwisha kutajwa katika "reason". Wenye sarufi wengine hunung'unika, watu huendelea kusema.

Tena tazameni jambo la ajabu. Tafsiri iitwayo Revised Standard Version, ya 1952, iliuacha msemo ule katika zaburi hiyo. New Revised Standard Version ya 1989 iliubadili, ikaweka "from where". Neno lililoshitakiwa kwamba limezidi ndilo lililobaki. Lililotoka ni "whence", lenye haki zote za sarufi!

Wala tusiwacheke Waingereza. Mara ngapi twasikia "mtu ambaye aliyekuja"? "Ambaye" imekwisha kumrejea mtu yule, na "-ye-" iliyomo katika kitenzi yamrejea mara ya pili. Yatosha kusema "mtu aliyekuja", au "mtu ambaye alikuja". Huenda wajukuu wetu watauona msemo huo kuwa mwema. Mimi, nikiuona katika daftari la mwanafunzi, naupiga mstari.

Katekista akauliza, "Basi, mchungaji, Jumapili nisome namna gani?" Nikamjibu, "Soma kama ilivyoandikwa, bila haya. Lakini ukiandika barua ya Kiingereza, andika 'from where'."