JIFUNZE KUANDIKA BARUA YA KUSHAWISHI



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi, somo letu ni uandishi wa kushawishi, yaani kuandika ili msomaji akubali jambo kwa hiari yake.

Tuanze na kisa. Binti mmoja hapa Mbeya aliambiwa kuwa baba yake ameamua aache shule baada ya mtihani wa kidato cha pili, akae gengeni. Baba hununua viazi Uyole na kuviuza Iringa, hivyo haonekani sana nyumbani. Binti akaandika barua. Alipotuonesha, kurasa nne zilijaa malalamiko: kaka anapendelewa, wenzake wanasoma, hakuna anayemjali. Tukamwambia, "Mwanangu, hii ni lumbesa. Gunia limefurika mpaka mbebaji hawezi kuliinua."

Kisha tukasoma naye habari za barua ya Mtume (s.a.w.) kwa Hiraqli, mfalme wa Warumi, aliyoipeleka Dihya al-Kalbi baada ya Suluhu ya Hudaybiya. Ni barua fupi. Inaanza kwa jina la Allah, inamtaja mfalme kwa cheo chake, inatoa wito mmoja, kisha inaeleza faida ya kuukubali na hasara ya kuukataa. Humo tulipata mafunzo haya:

1. Mheshimu unayemwandikia. Binti alianza kwa salamu na kumshukuru baba kwa jasho lake.

2. Omba jambo moja. Aliomba amalize kidato cha nne, basi.

3. Toa sababu yenye uzito kwake, si kwako tu. Aliahidi kushika daftari la mauzo kila jioni, kwa hesabu alizojifunza shuleni.

4. Jibu hofu yake kwa ukweli. Baba alihofia gharama. Binti alikiri kuwa sare na madaftari hununuliwa, ila akakumbusha kuwa ada ya shule za sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, ikaenda Iringa na lori la viazi. Baba hakujibu. Aliporudi alimwuliza tu, "Hilo daftari la mauzo unaanza lini?" Alhamdulillah, sasa binti yuko kidato cha tatu.

Tahadhari: kushawishi kwa uongo ni hadaa, na hadaa ni haramu. Pia tusidhani kuwa kushawishi ni kumshinda mzazi. Kama baba angekataa, adabu ingebaki palepale, na bado angeweza kuwaomba mjomba au walimu wamsemee.

Nanyi wazazi, mtoto akiwaandikia, someni mpaka mwisho kabla ya kujibu.

ZOEZI: Mwandikie mzazi au mlezi wako barua ya ukurasa mmoja ukiomba jambo moja. Taja sababu mbili, kisha jibu pingamizi moja unalolitarajia.

Wabillahi tawfiq.